Hans Spemann

Hans Spemann (Stuttgart, 27 Juni 1869 – Freiburg, Septemba 1941) alikuwa mwanabiolojia kutoka nchini Ujerumani aliyechunguza jinsi yai moja linavyogeuka kuwa mnyama kamili. Mwaka wa 1935 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kugundua kwamba ndani ya kiinitete kuna kipande kidogo cha tishu kinachoongoza seli za jirani, na ambacho kikihamishiwa mahali pengine huweza kuanzisha mwili wa pili. Kipande hicho alikiita mratibu.

Jaribio lililompatia sifa hiyo lilifanywa kwa mikono ya mwanafunzi wake, Hilde Mangold, aliyefariki dunia mwaka wa 1924 akiwa na umri wa miaka 25. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi siku hizi hutaja kipande hicho kwa majina ya watu wote wawili: mratibu wa Spemann na Mangold.

Maisha ya awali

Spemann alizaliwa katika mji wa Stuttgart, kusini magharibi mwa Ujerumani, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa Wilhelm Spemann, mchapishaji wa vitabu, na mke wake Lisinka. Alisoma shule ya sekondari mjini humo hadi mwaka wa 1888. Baada ya shule alifanya kazi kwa muda katika biashara ya baba yake, akatumikia jeshi kwa mwaka mmoja katika kikosi cha wapanda farasi mjini Kassel, kisha akauza vitabu kwa kipindi kifupi mjini Hamburg.

Mwaka wa 1891 aliacha biashara ya vitabu na kuanza kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Heidelberg. Huko alikutana na Gustav Wolff, mtafiti aliyekuwa akichunguza macho ya salamanda wadogo wa majini. Wolff aligundua kwamba salamanda akiondolewa lenzi ya jicho, lenzi mpya huota kutoka kwenye ukingo wa mboni, mahali ambapo lenzi ya kawaida haitokei kamwe. Jambo hilo lilimvutia Spemann, na baadaye macho na salamanda vilikuwa vitu viwili alivyovirudia mara kwa mara katika kazi yake.

Aliendelea na masomo ya udaktari mjini Munich, lakini mwaka wa 1894 aliyaacha akahamia Taasisi ya Zoolojia ya Chuo Kikuu cha Würzburg. Walimu wake huko walikuwa Theodor Boveri, aliyejulikana kwa utafiti wa kromosomu, mwanabotania Julius Sachs, na mwanafizikia Wilhelm Röntgen, aliyegundua miale ya eksirei mwaka wa 1895. Spemann alipata shahada ya uzamivu mwaka huohuo wa 1895 kwa kufuatilia seli za kiinitete cha mnyoo mmoja wa jamii ya vimelea. Katika mwaka huo pia alimwoa Klara Binder.

Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1896 Spemann aliugua kifua kikuu akapelekwa kupumzika katika milima ya Uswisi. Huko alikuwa na muda mwingi wa kusoma, na kitabu alichokisoma kilikuwa kazi ya August Weismann kuhusu urithi. Kitabu hicho kilimpa swali aliloshughulikia kwa miaka zaidi ya 40.

Swali la wakati wake

Yai lililotungishwa ni seli moja. Seli hiyo hugawanyika kuwa 2, halafu 4, halafu 8, na kuendelea hivyo hadi kufikia maelfu. Mwishoni seli nyingine zimekuwa ngozi, nyingine misuli, nyingine ubongo. Swali lilikuwa: kila seli inajuaje inapaswa kuwa nini?

Weismann alifikiri kwamba jibu limo ndani ya kiini cha seli. Kwa maoni yake, kila seli inapogawanyika, maagizo ya urithi hugawanywa pia, hivi kwamba seli ya misuli hubaki na maagizo ya misuli tu, na seli ya ngozi na yale ya ngozi tu. Mwaka wa 1888 Wilhelm Roux alionekana kuthibitisha wazo hilo. Alichoma kwa sindano ya moto seli moja kati ya seli mbili za kwanza za kiinitete cha chura, na seli iliyobaki ilitoa nusu ya kiinitete.

Lakini mwaka wa 1891 Hans Driesch, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha wanyama wa bahari, alipata matokeo tofauti. Alitikisa viinitete vya urchini wa bahari hadi seli mbili za kwanza zikaachana. Kila seli ilitoa kiluwiluwi kizima, ingawa kidogo kuliko kawaida. Kama kila seli ingekuwa na nusu tu ya maagizo, jambo hilo lisingewezekana. Wanabiolojia wawili waheshimiwa walikuwa wamefanya majaribio yanayofanana wakapata majibu yanayopingana.

Kitanzi cha unywele

Kuanzia mwaka wa 1897 Spemann alijaribu kutatua mgongano huo kwa kutumia mayai ya salamanda. Mayai hayo yana upana wa takriban milimita 2, na seli zake haziwezi kutenganishwa kwa kutikiswa. Kwa hiyo alichukua unywele mwembamba wa mtoto mchanga, akatengeneza kitanzi, akakizungusha kwenye yai chini ya hadubini, akakikaza taratibu.

Alipokikaza kabisa baada ya yai kugawanyika mara ya kwanza, mara nyingi kila nusu ilitoa kiluwiluwi kizima. Alipokikaza kidogo tu, bila kulikata yai, alipata kiluwiluwi chenye vichwa viwili na mkia mmoja. Kwa hiyo wazo la Weismann halikuwa sahihi. Ikaonekana pia kwamba nusu ya kiinitete aliyoipata Roux ilitokana na jambo jingine: seli iliyochomwa ilikuwa bado imegandamana na ile iliyo hai, ikaizuia isijipange upya.

Hata hivyo kulikuwa na jambo lililomshangaza. Mara nyingine nusu moja ilitoa kiluwiluwi kizima, na nusu nyingine ilitoa donge la seli za tumboni tu, lisilo na mgongo wala kichwa. Tofauti ilitokana na upande ambao kitanzi kilipita. Kama kila nusu ilipata sehemu ya upande utakaokuwa mgongo, zote mbili zilikua sawasawa. Kama nusu moja ilikosa sehemu hiyo kabisa, haikuweza kujenga mwili. Hivyo ilionekana kwamba sehemu zote za yai hazina uwezo sawa, na kwamba upande wa mgongo una kitu ambacho sehemu nyingine zinakihitaji.

Kwa kitanzi hichohicho Spemann alifanya jaribio lingine kuhusu kiini. Alilibana yai lililotungishwa likawa na umbo la namba 8, kiini kikiwa upande mmoja. Upande wenye kiini uligawanyika. Ule mwingine haukugawanyika. Upande wa kwanza ulipofikia hatua ya seli 16, kiini kimoja kiliweza kupenya kwenye njia nyembamba na kuingia upande wa pili. Baada ya hapo upande huo nao ulianza kugawanyika na kutoa kiluwiluwi kizima. Maana yake ni kwamba baada ya migawanyiko minne kiini bado kilikuwa na maagizo yote.

Lenzi ya jicho

Kama maagizo yote yamo katika kila seli, basi lazima kuwe na kitu kinachoiambia seli itumie maagizo yapi. Ushahidi wa kwanza Spemann aliupata kwenye jicho.

Jicho la mnyama mwenye uti wa mgongo hujengwa na tishu mbili. Kutoka kwenye ubongo huchomoza kifuko kinachoelekea nje hadi kugusa ngozi ya kichwa. Mahali kinapogusa, ngozi hunenepa, hujikunja na kuwa lenzi. Mwaka wa 1901 Spemann alitangaza matokeo ya majaribio yake kwa viinitete vya chura wa kawaida wa Ulaya. Aliharibu kwa sindano ya moto sehemu ndogo ambayo ingetoa kifuko cha jicho. Ngozi ya mahali hapo haikuguswa, lakini lenzi haikutokea. Kwa hiyo ngozi haikuwa na uwezo wa kutengeneza lenzi peke yake. Ilisubiri kuchochewa na kifuko cha jicho.

Jambo hilo la tishu moja kuichochea nyingine ibadilike likawa msingi wa kazi zake zote zilizofuata. Wenzake walipinga kwanza. Watafiti wengine walionyesha wanyama ambao lenzi hutokea hata jicho likikosekana, na Spemann mwenyewe aligundua kwamba ndivyo ilivyo kwa aina nyingine ya chura wa Ulaya. Hakuificha habari hiyo, bali aliitangaza ingawa ilipunguza nguvu ya dai lake la kwanza. Siku hizi inajulikana kwamba ngozi ya kichwa hupokea ishara zaidi ya moja kwa nyakati tofauti, na kwamba uzito wa kila ishara hutofautiana kati ya spishi na spishi.

Rostock na Berlin

Mwaka wa 1908 Spemann alikuwa profesa wa zoolojia mjini Rostock, na mwaka wa 1914 aliitwa Berlin kuwa mmoja wa wakurugenzi wa Taasisi ya Kaiser Wilhelm ya Biolojia. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza alifanya huko majaribio ya kuhamisha vipande vya tishu kutoka kiinitete kimoja hadi kingine. Vifaa vyake alivitengeneza mwenyewe: sindano za kioo zilizovutwa juu ya moto hadi kuwa nyembamba sana, vitanzi vya unywele, na mirija ya kioo ya kunyonyea vipande vidogo.

Majaribio hayo yalihusu hatua inayoitwa gastrula. Katika hatua hiyo kiinitete ni kama tufe, na sehemu ya uso wake huanza kuzama ndani kupitia tundu dogo. Spemann alichukua kipande ambacho kingekuwa ubongo, akakiweka mahali pa kipande ambacho kingekuwa ngozi ya tumbo, na kinyume chake. Alipofanya hivyo mwanzoni mwa hatua ya gastrula, kila kipande kilifuata desturi ya mahali kilipopelekwa: kile cha ubongo kikawa ngozi, na kile cha ngozi kikawa ubongo. Alipofanya hivyo mwishoni mwa hatua hiyo, muda mfupi tu baadaye, kipande kilikataa kubadilika. Kile cha ubongo kikawa ubongo hata tumboni. Kwa hiyo uamuzi hufanyika katika muda huo mfupi, wakati ambapo tishu zinazama kupitia tundu.

Kipande kimoja tu hakikufuata kanuni hiyo. Sehemu iliyo juu ya tundu, inayoitwa mdomo wa juu, ilipohamishwa mapema haikujigeuza kulingana na jirani zake wapya. Badala yake, mahali ilipopandikizwa palitokea mwanzo wa mwili wa pili. Mwanzoni Spemann alidhani kwamba mwili huo ulijengwa wote na kipande chenyewe. Ili kujua kwa hakika, alihitaji njia ya kutofautisha seli za kipande na seli za mwenyeji.

Hilde Mangold na jaribio la mratibu

Mwaka wa 1919 Spemann alihamia Freiburg im Breisgau kuwa profesa wa zoolojia. Mwaka uliofuata alijiunga naye mwanafunzi Hilde Pröscholdt, mzaliwa wa Gotha, aliyewahi kumsikia Spemann akitoa mhadhara mjini Frankfurt. Kwanza alipewa kazi ya kurudia jaribio la kale la kumpindua hidra, mnyama mdogo wa maji baridi, ili upande wake wa ndani uwe nje. Kazi hiyo haikufanikiwa. Ndipo Spemann alipompa, katika masika ya mwaka wa 1921, jaribio la mdomo wa juu wa tundu. Mwaka huohuo Hilde aliolewa na Otto Mangold, msaidizi mkuu wa Spemann, akachukua jina lake.

Njia ya kutofautisha seli ilikuwa kutumia aina mbili za salamanda. Mayai ya aina moja hayana rangi, na mayai ya aina ya pili ni ya kahawia. Mangold alikata mdomo wa juu wa kiinitete cheupe akaupandikiza kwenye ubavu wa kiinitete cha kahawia, upande wa tumbo. Seli nyeupe zilipochanganyika na za kahawia, ziliweza kutambuliwa chini ya hadubini hata siku kadhaa baadaye.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Salamanda hutaga mayai wakati wa masika tu, hivyo kila mwaka kulikuwa na majuma machache ya kufanya majaribio. Viinitete vilitolewa ndani ya utando wao na kukatwa kwa sindano ya kioo, na kidonda kilichobaki kilipata bakteria kwa urahisi. Dawa za antibiotiki hazikuwapo bado. Viinitete vingi vilikufa kabla ya kufikia hatua ya kuchunguzwa, na vichache tu vilielezwa kikamilifu katika tasnifu yake.

Vichache hivyo vilitosha. Kwenye ubavu wa kiinitete cha kahawia palikuwa na kiinitete cha pili kilichoungana na cha kwanza, chenye mwanzo wa neva za mgongoni na vipande vya misuli. Alipovikata viinitete hivyo katika tabaka nyembamba na kuvitazama kwa hadubini, Mangold aliona kwamba seli nyeupe zilikuwa zimetoa hasa ufito laini unaotangulia uti wa mgongo pamoja na sehemu ya misuli. Sehemu kubwa ya tishu za neva ilikuwa ya kahawia. Yaani seli za mwenyeji, ambazo zingekuwa ngozi ya tumbo, zilikuwa zimegeuzwa kuwa neva kwa sababu ya jirani mpya. Kipande kilichohamishwa kilijenga sehemu tu ya mwili wa pili na kuzishawishi seli za wengine kujenga zilizobaki, kila moja mahali pake.

Mangold alipata shahada ya uzamivu mwaka wa 1923. Makala yenye matokeo hayo ilichapishwa mwaka wa 1924 ikiwa na majina ya Spemann na Mangold, jina la Spemann likitangulia. Viktor Hamburger, aliyekuwa mwanafunzi katika maabara hiyohiyo, alikumbuka baadaye kwamba wanafunzi wengine walichapisha tasnifu zao kwa majina yao peke yao, na kwamba Mangold hakufurahishwa na mpango huo. Kwa upande mwingine, swali, njia ya majaribio na jina la mratibu vilitoka kwa Spemann.

Mwezi Desemba 1923 Mangold alijifungua mtoto wa kiume, na mwaka uliofuata familia ilihamia Berlin. Mwezi Septemba 1924 jiko la mafuta lililipuka alipokuwa akilitumia, akaungua vibaya na kufariki dunia. Hakuishi kuona jinsi makala yake ilivyobadilisha elimu ya viinitete.

Tuzo ya Nobel

Baada ya mwaka wa 1924 maabara ya Freiburg ilitembelewa na watafiti kutoka nchi nyingi. Wengine walitafuta mratibu katika wanyama wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Conrad Waddington wa Uingereza alionyesha kwamba kiinitete cha kuku kina sehemu yenye kazi kama hiyo, na baadaye sehemu inayolingana nayo ilipatikana katika samaki na wanyama wanaonyonyesha.

Mwaka wa 1935 Spemann alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba, peke yake. Hilde Mangold alikuwa amefariki miaka 11 kabla. Tasnifu yake hutajwa mara nyingi kama moja ya tasnifu chache za uzamivu ambazo matokeo yake yaliongoza moja kwa moja kwenye Tuzo ya Nobel.

Kipindi hicho kilikuwa pia kigumu kwa sayansi ya Ujerumani. Serikali ya Wanazi iliyoingia madarakani mwaka wa 1933 iliwafukuza Wayahudi katika vyuo vikuu. Hamburger, aliyekuwa mhadhiri wa Freiburg na wakati huo yuko Chicago kwa ufadhili wa masomo, alipoteza kazi yake akabaki Marekani. Huko alihamishia mbinu za Spemann kwenye kiinitete cha kuku ili kuchunguza neva. Mwaka wa 1947 Rita Levi-Montalcini kutoka Italia alijiunga naye mjini St. Louis, na kazi iliyoanzia hapo ilisababisha kugunduliwa kwa protini inayozifanya neva zikue. Kwa ugunduzi huo Levi-Montalcini na Stanley Cohen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1986.

Kuitafuta ishara

Baada ya kujulikana kwamba mratibu huziongoza seli nyingine, swali lililofuata lilikuwa: huziongoza kwa kitu gani? Spemann mwenyewe alipenda kumtazama mratibu kama kitu hai kinachotenda kwa ukamilifu wake, na katika maandishi yake alilinganisha ukuaji wa kiinitete na maisha ya akili. Wanasayansi wengi waliomfuata hawakukubaliana naye katika hilo.

Mwaka wa 1932 Spemann pamoja na Hermann Bautzmann, Johannes Holtfreter na Otto Mangold walitangaza kwamba mratibu aliyeuawa bado hufanya kazi. Vipande vilivyouawa, kwa mfano kwa joto, viliendelea kuzichochea seli za ngozi ziwe neva. Hivyo ishara ilikuwa kemikali fulani, wala haikuhitaji uhai wa seli inayoitoa.

Watafiti wa Ujerumani na Uingereza walianza kuitafuta kemikali hiyo kwa matumaini makubwa. Lakini matokeo yaliwachanganya. Vitu vingi visivyohusiana viliweza kuchochea neva: vipande vya ini na figo za wanyama wakubwa, na hata rangi ya maabara iitwayo bluu ya methilini. Ilionekana kwamba ngozi ya salamanda iko karibu sana na kugeuka neva hata kitu kidogo kinatosha kuisukuma. Kufikia miaka ya 1940 wengi walikata tamaa, na kwa muda wa miaka 50 hivi hakuna aliyeweza kumtaja mjumbe halisi wa mratibu.

Miaka ya mwisho

Spemann alistaafu katikati ya miaka ya 1930, na mwaka wa 1937 nafasi yake mjini Freiburg ilichukuliwa na Otto Mangold. Mwaka wa 1936 alikusanya kazi za maisha yake katika kitabu kimoja kwa Kijerumani, na mwaka wa 1938 kilitoka kitabu chake kwa Kiingereza, kilichotokana na mihadhara aliyoitoa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.

Katika kitabu hicho cha 1938 alipendekeza jaribio ambalo yeye mwenyewe hakuona namna ya kulifanya: kutoa kiini ndani ya seli iliyokwisha kukua na kukiingiza katika yai lisilo na kiini, ili kuona kama bado kinaweza kuongoza ujenzi wa mnyama mzima. Mwaka wa 1952 Robert Briggs na Thomas King walifanikiwa kufanya hivyo mjini Philadelphia kwa viini vya viinitete vichanga vya chura. Mnamo 1962 John Gurdon wa Oxford alitangaza kwamba amepata viluwiluwi kutoka kwa viini vya seli za utumbo wa chura mwenye kucha wa Afrika. Kondoo Dolly, aliyezaliwa nchini Uskoti mwaka wa 1996, alipatikana kwa njia hiyohiyo. Gurdon alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2012.

Spemann alifariki dunia karibu na Freiburg mwezi Septemba 1941 akiwa na umri wa miaka 72. Kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa mwaka wa 1943.

Ishara zilivyopatikana

Jibu la swali la mratibu lilipatikana katika miaka ya 1990, watafiti walipoweza kuchunguza jeni moja moja. Mnyama aliyetumika zaidi alikuwa chura mwenye kucha wa Afrika, kwa sababu hutaga mayai mengi na hahitaji kusubiri masika.

Mwaka wa 1992 William Smith na Richard Harland wa Berkeley, Marekani, waligundua protini inayotolewa na mratibu wakaiita nogini. Mwaka wa 1994 Yoshiki Sasai, Edward De Robertis na wenzao mjini Los Angeles waligundua nyingine, kodini. Wote walitarajia kwamba protini hizo huzipa seli amri ya kuwa neva. Ukweli ulikuwa kinyume. Katika kiinitete kichanga, seli za ngozi hutoa protini za kundi la BMP, zilizojulikana kwanza kwa kuchochea ukuaji wa mifupa. BMP ndiyo inayoziambia seli ziwe ngozi. Nogini na kodini huishika BMP nje ya seli na kuizuia isifike inakokwenda. Seli ambayo haikufikiwa na ishara ya kuwa ngozi hugeuka neva.

Hivyo mratibu hufanya kazi yake kubwa kwa kunyamazisha ujumbe wa wengine. Jambo hilo linaeleza pia kwa nini watafiti wa miaka ya 1930 walishindwa: chochote kilichovuruga mawasiliano ya seli za ngozi kingeweza kuzifanya ziwe neva. Katika miaka ya 1980 ilikuwa imeshaonekana kwamba seli za ngozi ya kiinitete zikitenganishwa moja moja majini kwa saa kadhaa, zisiweze kupashana ishara, hugeuka neva bila mratibu yeyote.

Karibu na mratibu BMP huzuiwa sana, na mbali naye haizuiwi. Seli husoma kiasi cha ishara kilichozifikia na kujua ziko umbali gani kutoka mgongoni. Ndiyo maana kipande kidogo kinaweza kupanga mwili mzima, kuanzia mgongo hadi tumbo. Protini zinazolingana na kodini na BMP hufanya kazi hiyohiyo katika nzi wa matunda, ingawa kwa nzi neva kuu iko upande wa tumbo. Hii inaonyesha kwamba njia hiyo ya mawasiliano ni ya kale sana katika historia ya wanyama.

Urithi

Kabla ya Spemann wengi walitafuta sababu ya tofauti za seli ndani ya kila seli peke yake. Kazi yake ilionyesha kwamba seli huwa jinsi ilivyo kutokana na mahali ilipo, majirani ilio nao na wakati ujumbe unapoifikia. Wazo hilo ni msingi wa elimu ya leo kuhusu kasoro za kuzaliwa, uponaji wa vidonda na saratani.

Wataalamu wanaolea seli shina za binadamu katika maabara hutumia nogini au kemikali zinazofanana nayo kuzifanya ziwe seli za neva, kwa mfano ili kuchunguza magonjwa ya ubongo. Wanarudia, bila kiinitete, hatua ileile ambayo Hilde Mangold aliiona kwenye seli za kahawia za salamanda.

Hamburger, aliyemjua Spemann na Mangold, aliandika mwaka wa 1988 kitabu kuhusu Spemann na mratibu, ambamo alieleza pia mchango wa mwanafunzi mwenzake. Tangu hapo vitabu vingi vya biolojia hutaja majina yao pamoja.